SOMO LA UFUNDI NA USALAMA: SKUTA YA ZAMANI BAADA YA KULAZWA MAJIRA YA BARIDI



Somo letu la safari hii linahusu skuta za zamani za Ulaya, hasa Vespa na Lambretta, na jinsi ya kuzirudisha barabarani baada ya kulazwa kwa miezi mingi ya baridi. Huenda ndugu msomaji akauliza: sisi ambao hatujui theluji tuna haja gani na somo hili? Sababu ni mbili. Kwanza, wapo ndugu zetu wanaofanya kazi katika gereji za Uingereza, Ujerumani na Italia, na kazi hii huwafikia kila mwaka. Pili, madhara ya kulala hayafanywi na baridi peke yake. Vespa iliyosimama uani Unguja kwa kukosa vipuri, huku upepo wa chumvi unaipiga, huharibika karibu kwa njia zile zile. Mwenye kulijua somo hili Ulaya atalitumia na kwetu.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: je, mashine ya miaka 40 au 50, iliyolala miezi mitano, inaweza kutegemewa na mfanyakazi anayewahi zamu ya asubuhi? Jibu halimo katika umri wa mashine. Linategemea jinsi ilivyolazwa, na zaidi jinsi ilivyoamshwa.

1. MASHINE YENYEWE

Vespa ilibuniwa na mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia, na hati ya kulinda ubunifu huo iliandikishwa mwezi wa Aprili 1946. Mwaka uliofuata, 1947, kampuni ya Innocenti ya Milan ikatoa Lambretta. Vita vilikuwa vimekwisha, barabara zilikuwa mbovu, na mfanyakazi wa Italia hakuwa na fedha za kununua gari. Skuta ilikuwa chombo chake cha kumfikisha kiwandani. Lambretta iliacha kutengenezwa Italia mwaka 1971 na mitambo yake ikauzwa India. Vespa PX, ambayo bado huonekana sana Ulaya, ilianza mwaka 1977.

Nyingi za mashine hizi zina injini ya mipigo miwili. Jambo hili ni la msingi, naomba tulishike vizuri. Katika injini ya namna hii hakuna bakuli la oili linalolainisha pistoni na kranki. Oili huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaochomwa na ndio unaolainisha. Petroli ikipungua njiani, oili nayo imepungua. Basi kasoro ndogo ya kabureta, ambayo katika injini nyingine ingeleta usumbufu tu, katika injini hii yaweza kuunguza pistoni.

2. KWA NINI HULAZWA

Katika nchi za kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma, na mwili wa Vespa ni bati tupu lililokunjwa na kuchomelewa. Magurudumu yake ni madogo, kwa kawaida ya inchi 10, na mengine ya zamani inchi 8. Hayafai kwenye barafu. Ujerumani hata wameweka namba za usajili za msimu tangu mwaka 1997: mwenye mashine hulipia kodi na bima kwa miezi aliyoichagua tu. Basi mashine huingizwa bandani mwezi wa Oktoba au Novemba, na hutolewa Machi au Aprili.

3. KINACHOHARIBIKA WAKATI MASHINE IMELALA

Wengi hufikiri kwamba mashine isiyotumika haichakai. Si kweli. Mashine inayofanya kazi kila siku hujilainisha yenyewe, hukausha unyevu kwa joto lake, na kasoro zake huonekana zikiwa bado changa. Mashine iliyolala huharibika kimya kimya. Tuangalie sehemu moja moja.

Petroli. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, huvukia hewani. Zinazobaki hugeuka polepole kuwa utando kama gundi, na utando huo huziba vijitundu vya kabureta. Siku hizi petroli nyingi ya Ulaya imechanganywa na spiriti ya mimea. Uingereza ilifanya petroli yenye spiriti hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida mwezi wa Septemba 2021. Spiriti hunyonya maji kutoka hewani. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na spiriti na kuzama chini ya tangi, mahali pale pale petroli inapotolewa kwenda kwenye injini. Tena spiriti hiyo hula mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Sili za kranki. Hizi ni pete za mpira zinazozuia hewa na oili zisipite pembeni mwa kranki. Zikikaa bila kuzunguka hukauka na kuwa ngumu. Kwenye Vespa, sili ya upande wa gurudumu la sumaku ikipasuka, injini huvuta hewa ya ziada na mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi. Sili ya upande wa klachi ikipasuka, injini huvuta oili ya gia na kutoa moshi mwingi.

Klachi. Sahani zake hukaa ndani ya oili, na zikibanwa miezi mingi bila kusogea, hushikamana.

Waya za breki na klachi. Maji huingia ndani ya ala, waya hupata kutu, na nyuzi zake hukatika moja moja mahali usipopaona.

Breki. Dramu ya chuma hupata kutu ndani. Viatu vya breki vyaweza kunata kwenye dramu, au vikashika kwa kishindo mara ya kwanza unapofunga breki.

Tairi. Hupoteza upepo, na zikiachwa zimebeba uzito mahali pamoja hupata bapa. Mpira wa zamani hupasuka mistari midogo pembeni.

Betri, kwa mashine zenye betri. Hupungua nguvu kila wiki, na betri tupu huganda upesi kuliko betri iliyojaa.

4. KASORO ZA AINA TATU

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kasoro za skuta iliyolala tuzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zinazoizuia mashine isiwake: petroli chakavu, plagi chafu, jeti iliyoziba, betri tupu.

Fungu la pili ni zile zinazoisimamisha njiani: takataka za tangi kuingia kwenye kabureta, waya wa mafuta kukatika, tairi kuishiwa upepo taratibu.

Fungu la tatu ni zile zinazomwangusha mwendeshaji: pistoni kunata kwenye silinda mashine ikiwa mwendoni, waya wa breki kukatika unapofunga, dramu kushika ghafla, tairi kupasuka.

Sasa tazameni jinsi watu wanavyofanya. Mwenye skuta hutumia siku nzima kupambana na fungu la kwanza, kwa sababu ndilo linalomuudhi. Akipiga kiki mara ishirini mashine ikawaka, hufurahi, huvaa kofia yake, akaondoka. Fungu la tatu hakuligusa. Wala mashine haikumwonya, kwa sababu waya uliokatika nusu haupigi kelele, na sili iliyopasuka haizuii injini kuwaka. Kuwaka kwa injini si ushahidi wa usalama. Fundi mzuri huanza na fungu la tatu, kisha la pili, na la kwanza huliweka mwisho.

Ubaya mwingine ni kwamba kasoro hizi husaidiana. Pistoni ikinata mwendoni, gurudumu la nyuma hufungwa. Dawa yake ni moja: kubana klachi mara moja, ili gurudumu liwe huru na mashine iserereke pembeni mwa barabara. Lakini ikiwa waya wa klachi nao umeliwa na kutu, utakatika wakati huo huo ulipoutegemea. Kasoro moja ingekuwa hofu tu. Mbili kwa pamoja ni hospitali.

5. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: waya na breki. Vuta kila waya ukiangalia ncha zake zote mbili. Uzi mmoja uliokatika watosha kuhukumu waya mzima: ubadilishe. Waya mzima utiwe oili mpaka itokeze upande wa pili. Fungua dramu, sugua kutu, angalia unene wa viatu vya breki. Kabla ya kufungua dramu, soma kwanza sehemu ya 6 ya somo hili.

Hatua ya pili: tairi. Tangu mwaka 2000 tairi huandikwa tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za juma na mbili za mwaka. Kwa mfano, 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye mistari ya kupasuka haifai hata kama maua yake ni mapya. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Jihadharini sana na rimu ya Vespa na Lambretta: ni nusu mbili zilizounganishwa kwa nati. Kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye dramu, na kuna nati zinazoshikanisha nusu hizo. Kamwe usilegeze nati za pili kabla ya kutoa upepo wote. Upepo ulio ndani utazirusha nusu hizo kwa nguvu ya kuvunja mkono au uso.

Hatua ya tatu: petroli. Mwaga petroli yote ya zamani, ya tangi na ya kabureta. Usiongeze mpya juu ya chakavu kwa kuionea huruma. Chunguza chini ya tangi kama kuna maji au kutu. Fungua kabureta, toa jeti, uzioshe na uzipulize. Usizitoboe kwa sindano, kwa maana tundu likipanuka kipimo kimepotea. Jaza petroli mpya na oili ya mipigo miwili kwa kipimo cha mashine hiyo. Vespa PX hutumia asilimia 2, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Mashine nyingine za zamani zaidi hutaka asilimia 4 au 5, kwa hiyo kitabu kiangaliwe kwanza. Baadhi ya PX zina tangi la oili la peke yake na pampu. Kwa hizo, ikiwa bomba la oili limeingia hewa, tia oili katika petroli ya kwanza pia, mpaka uhakikishe pampu inafanya kazi.

Hatua ya nne: plagi na klachi. Toa plagi, isafishe, pima nafasi yake. Kwa PX ni milimita 0.6. Kabla ya kuirudisha, tia matone machache ya oili ndani ya silinda na uzungushe injini polepole kwa mguu, ili ringi na ukuta wa silinda zipate kulainika. Kisha ingiza gia, bana klachi, usukume mashine mbele na nyuma. Gurudumu likizunguka huru, klachi imeachana. Lisipozunguka, endelea kusukuma mpaka sahani ziachane. Usiwashe mashine ikiwa klachi imenata, itakuruka.

Hatua ya tano: oili ya gia. Angalia kipimo chake. Ikiwa imepungua na hakuna tone lililoanguka chini, ulizeni imekwenda wapi. Huenda imepitia sili ya upande wa klachi na kuchomwa pamoja na petroli.

Hatua ya sita: kuwasha. Washa nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua mtu kabla hajajua. Moshi mwingi kwa dakika za mwanzo ni wa kawaida. Usipopungua baada ya injini kupata moto, rudi kwenye hatua ya tano. Ikiwa injini inapaa yenyewe na hairudi chini unapoachia mafuta, zima mara moja: inavuta hewa mahali fulani.

Hatua ya saba: mwendo wa kwanza. Uwe mfupi, karibu na nyumbani, kama kilomita 10, bila abiria na bila barabara kuu. Jaribu breki kwa mwendo mdogo kwanza. Vidole viwili viwe juu ya mkono wa klachi muda wote. Ukisikia injini inavutwa nyuma kama mtu amefunga breki, bana klachi na ujitoe pembeni. Ukirudi, toa plagi uisome: rangi ya kahawia ni afya, nyeusi na yenye maji ni petroli nyingi, nyeupe ni onyo la moto kupita kiasi. Plagi nyeupe ikionekana, mashine isiende kazini kesho yake mpaka sababu ijulikane.

6. AFYA YA FUNDI

Ndugu, mashine ya zamani ina hatari kwa mwendeshaji, lakini ina nyingine kwa fundi, na hii haionekani kwa miaka mingi. Viatu vya breki na sahani za klachi za zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lake likivutwa pafuni hukaa humo, na ugonjwa waweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au zaidi: kovu la mapafu, au saratani. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbestosi mwaka 1999, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliifuata kwa pamoja mwaka 2005. Lakini marufuku haikuondoa vipuri vya zamani vilivyomo ndani ya mashine, wala vile vilivyohifadhiwa ghalani.

Basi kila dramu ya mashine ya zamani ihesabiwe kuwa na asbestosi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria za kazi ni hizi:

(a) Usipulize vumbi la breki kwa pampu ya upepo wala kwa mdomo.
(b) Usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa kiwekwe katika mfuko uliofungwa.
(c) Usisugue wala kukata viatu vya breki vya zamani. Vipya visivyo na asbestosi vinapatikana, badilisha.
(d) Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Mwajiri atoe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.
(e) Nguo za kazi zisiende nyumbani zikafuliwe pamoja na za watoto. Wako wake wa mafundi waliougua kwa kufua nguo tu.

Vivyo hivyo, tuache desturi ya kunawa mikono kwa petroli. Ina benzini, nayo hupita kwenye ngozi na huleta saratani ya damu.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya asbestosi mwaka 1986. Kabla yake, Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 ulisema kwamba mfanyakazi anayejiondoa katika kazi yenye hatari kubwa na ya karibu, kwa sababu za haki, alindwe asiadhibiwe. Mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi. Vijana wanaojifunza gereji, ambao ndio hupewa kazi ya kusafisha dramu, wafundishwe maneno haya siku ya kwanza na si baada ya miaka kumi.

7. DAFTARI NI NGAO

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi wa Machi gereji hujaa. Kila mteja anataka skuta yake Jumamosi, na mwajiri naye anamwambia fundi: iwake tu, itoke. Siku mashine hiyo ikimwangusha mtu, atakayeulizwa kwanza ni fundi.

Kwa hiyo kila kazi iandikwe: tarehe, kilichokaguliwa, kilichobadilishwa, na hasa kile ambacho hakikufanywa na sababu yake. Ukiamriwa kuitoa mashine ambayo waya wake wa breki umeliwa, andika ulivyosema na nani alikuamuru. Mpelekee habari mwakilishi wa chama kabla ya ajali, si baada yake.

Jambo hili lina uzito zaidi Uingereza. Tangu Mei 2018, vyombo vingi vilivyotimiza miaka 40, kama havikubadilishwa sana, havilazimiki tena kupita ukaguzi wa kila mwaka. Hivyo Vespa PX ya kwanza kabisa ya mwaka 1977 yaweza kurudi barabarani bila jicho la mkaguzi. Sheria bado inamdai mwenye chombo kiwe salama, ila hakuna anayekitazama kabla. Jicho la mwisho ni la fundi.

8. KULAZA VIZURI NI NUSU YA KUAMSHA

Msimu ukiisha: osha chumvi na matope, kausha. Jaza tangi petroli mpya yenye spiriti kidogo, ili pasiwe na nafasi ya unyevu kutulia. Funga koki, acha injini imalize petroli ya kabureta mpaka izime yenyewe. Tia oili kidogo ndani ya silinda. Inua magurudumu yasiguse chini. Toa betri, iweke pakavu, ichajiwe kila mwezi mahali penye hewa. Usiwashe mashine dakika mbili kila wiki ukidhani unaisaidia: haipati moto wa kutosha, na maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hubaki ndani yakila chuma.

Tulirudie sasa swali letu la kwanza. Skuta ya zamani iliyolazwa kwa mpango, ikaamshwa kwa mpango, na ikajaribiwa siku chache kabla ya zamu, yaweza kumfikisha mfanyakazi kazini mwaka mzima. Iliyotupwa kwenye kona mwezi wa Novemba na kupigwa kiki asubuhi ya Jumatatu ya kazi haistahili kuaminiwa, hata ikiwaka kwa mara ya kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Kwa nini kasoro ya kabureta ni hatari zaidi katika injini ya mipigo miwili?
2. Taja kasoro tatu za fungu la tatu. Kila moja utaigunduaje kabla ya kuwasha injini?
3. Katika gereji yako vumbi la breki husafishwa vipi? Nani hupewa kazi hiyo?
4. Mwajiri akikuamuru utoe mashine isiyo salama, utaandika nini, na utampelekea nani?
5. Ni mashine gani hapa kwetu hulala muda mrefu kwa sababu ya mvua au kukosa vipuri? Tengenezeni orodha ya hatua za kuiamsha, muibandike ukutani.